Farasi Aliyeshuka Kwenye Saa

Mwaka 1950, mjini Chicago, kampuni ya saa ya Mastercrafters ilihitaji farasi wa kupamba saa za sebuleni, zile zinazowekwa juu ya meko. Ikapeleka kazi kwa Breyer Molding Company, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza vitu vya plastiki kwa oda za kampuni nyingine. Farasi akatoka wa rangi ya dhahabu, singa na mkia vyeupe, mgongoni tandiko la wachunga ng'ombe wa Marekani. Ulipofika wakati wa kulipana, Mastercrafters haikutoa fedha. Iliiachia Breyer kalibu yenyewe, na hesabu ikafungwa hapo.

Haukupita muda mrefu, maduka ya Woolworth yakamtaka farasi huyo bila saa, na watu wakaanza kuuliza kama wako wengine. Kiwanda ambacho hakikuwa na nia yoyote ya kufuga kikajikuta na zizi. Farasi huyo wa kwanza, anayeitwa Western Horse, akapewa namba 57, na kutoka kwake ukazaliwa ukusanyaji ambao leo una maonyesho, waamuzi, vitabu vya kumbukumbu na minada yake.

Zaidi ya miaka 70 baadaye, Breyer wakitangaza farasi mpya, mkusanyaji mzoefu haanzi kwa kuuliza bei. Anauliza ametoka kwenye kalibu ipi. Jibu la swali hilo linambebea habari nyingi kwa mara moja: nani alimchonga, mwaka gani, ameshatoka kwa rangi ngapi kabla ya hii, na rangi gani bado hajawahi kuvaa. Kalibu ya chuma ni ghali mno kutengeneza, kwa hiyo haitupwi. Farasi yule yule aliyetoka akiwa kahawia anarudi baada ya miaka 10 akiwa kijivu mwenye madoa, kisha anarudi tena kwa jina la farasi maarufu wa mbio. Kwa mtu wa nje, hilo laweza kuonekana kama kuuziwa kitu kimoja mara nyingi. Mimi naliona kuwa ndilo linaloupa ukusanyaji huu historia, maana kila tangazo jipya linalazimisha watu kurudi nyuma na kukumbuka.

Kalibu nyingi za miongo ya kwanza zilitokana na mkono wa mtu mmoja, Chris Hess, mchongaji aliyefanya kazi na Breyer tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Yeye ndiye aliyewapa watoto wa Marekani farasi wanaokimbia, wanaopigana kwa miguu ya mbele, wanaolala, wanaojikuna. Ukubwa uliozoeleka ukawa moja kwa tisa. Farasi halisi mwenye kimo cha sentimita 150 begani anakuwa na kama sentimita 17 hivi, kimo kinachomtosha mtoto kumkumbatia na kinachotosha pia kuonyesha mishipa ya usoni.

Plastiki yenyewe ni selulosi asetati, ambayo asili yake ni nyuzi za mimea. Huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na farasi hutoka akiwa mbavu mbili. Mbavu hizo hugundishwa, mshono hukwanguliwa na kupigwa msasa mpaka upotee, kisha rangi hupuliziwa kwa mkono. Macho, kwato na alama za usoni humaliziwa mwishoni. Kwa kuwa mkono wa mtu umepita kila mahali, farasi wawili wa namba moja hawalingani kabisa. Dukani utamkuta mkusanyaji amewapanga sita wanaofanana, akiwatazama mmoja mmoja machoni kabla ya kuchagua.

Mtazame pia anapokutana na farasi wa zamani kwenye meza ya vitu vilivyotumika. Kitu cha kwanza anampindua na kusoma ndani ya paja la nyuma, kwenye muhuri mdogo wa duara wenye jina la kiwanda. Muhuri huo umebadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Baadaye yaliongezwa maandishi ya kuonyesha kuwa farasi ametengenezwa Marekani, na baada ya kiwanda kubadilisha mikono likaongezwa jina la mmiliki mpya. Kisha anamtazama ubavuni kwenye mwanga. Asetati nyeupe huwa manjano ikikaa sana, hasa kwenye nyumba za wavuta sigara, na wenye uzoefu humweka farasi kama huyo dirishani apigwe na jua kwa majuma kadhaa mpaka weupe urudi. Mguu uliopinda kwa joto hunyooshwa kwa maji ya moto. Ujuzi huu umepita kutoka kwa mkusanyaji hadi kwa mkusanyaji, na nauheshimu kama ninavyouheshimu ujuzi wowote wa fundi.

Siyo kila kalibu ilipatikana kwa amani. Huko California, tangu miaka ya 1940, kampuni ya Hagen-Renaker walikuwa wakitengeneza wanyama wa kauri, na mchongaji wao Maureen Love alikuwa na kipaji cha nadra cha kuona mwili wa farasi. Katika miaka ya 1950 Breyer walitoa farasi jike wa Kiarabu na mtoto wake waliofanana mno na wale wa kauri. Hagen-Renaker walidai haki yao, na farasi hao wakaondolewa sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pande mbili zilikuwa zimeelewana, na farasi jike yule akarudi kwa idhini. Breyer wakaendelea kukodi kazi nyingine za Maureen Love, wakiwamo wale wadogo wa Stablemates waliotangazwa mwaka 1975, wa kipimo cha moja kwa thelathini na mbili, kimo cha kama sentimita 5 begani. Watoto wengi walianza na hao kwa sababu bei yao ilikuwa ndogo, na wengi wa watoto hao hawakuwa na namna ya kumiliki farasi wa kweli.

Hapo ndipo vitabu vilipoingia. Mwaka 1947 Marguerite Henry alichapisha Misty of Chincoteague, hadithi iliyotokana na farasi mdogo wa kweli wa visiwa vya Virginia, ambako kila Julai farasi wa kisiwa cha Assateague huogeleshwa kuvuka mlango wa bahari. Mwaka 1972 Breyer wakamtoa Misty wa plastiki, mwaka ule ule Misty mwenyewe alipokufa, na kwa miongo mingi hakukosekana sokoni. Kitabu kingine cha Henry, King of the Wind, kiliwapa Sham, farasi aliyeletwa Ulaya na kuwa mmoja wa mababu wa farasi wote wa mbio wa Kiingereza. Walikuwapo pia farasi wa mbio wa magazetini: Man o' War, na Secretariat, ambaye mwaka 1973 alishinda mbio za Belmont kwa urefu wa farasi 31. Msichana wa mjini aliyefungua kisanduku chake alikuwa tayari amemsoma farasi huyo, au amemwona kwenye televisheni, kabla hajamshika.

Lakini msichana huyo alijuaje kwamba farasi mpya ametoka? Kwa miaka mingi habari ilikuja kwa karatasi. Kijitabu cha bidhaa cha mwaka kilipatikana kwenye duka la vifaa vya farasi au duka la wanasesere, na mwisho wa mwaka yalikuja yale majitabu mazito ya maduka ya Sears na J. C. Penney yenye seti zisizouzwa kwingine. Watoto walikunja pembe za kurasa. Mwaka 1975 Breyer wakaanzisha jarida lao, Just About Horses, na kuanzia hapo tangazo likawa na siku yake ya kusubiriwa kwenye sanduku la barua. Wakati huo huo wakusanyaji walikuwa na posta yao wenyewe. Walipiga picha farasi wao nje, kwenye majani, kamera ikiwa imelazwa chini ili nyasi zionekane kama malisho, wakazituma kwa mwamuzi wa jimbo jingine azipange kwa mbegu na rangi. Picha zilirudi na matokeo yakiwa yameandikwa nyuma. Mashindano ya ana kwa ana yalikua kutoka hapo, yakiwa na matandiko ya ngozi ya kipimo cha moja kwa tisa, hatamu zenye vifungo vinavyofunguka kweli, na kadi ya maelezo inayomthibitishia mwamuzi kwamba rangi ya farasi huyu ipo kwa farasi hai wa mbegu hiyo.

Mwaka 1984 Reeves International ya New Jersey ilinunua Breyer, na baadaye utengenezaji ukahamia China. Wako waliolalamika na wako waliosifu rangi zilizoboreka. Mabishano hayo hayajaisha. Peter Stone, ambaye baba yake Sam alikuwa mmoja wa wenye kiwanda cha Chicago, alianzisha kampuni yake ya farasi katika miaka ya 1990.

Badiliko kubwa zaidi kwa mkusanyaji lilikuja mwaka 1990, Breyer walipofanya BreyerFest ya kwanza. Inafanyika mwezi Julai katika Kentucky Horse Park, mjini Lexington, na kila mwaka ina farasi wake wa sherehe. Wa mwaka huo wa kwanza alikuwa Dr. Peaches, farasi wa mashindano ya kuruka na mbio za porini. Wapo pia wa matoleo maalumu wanaotengenezwa kwa idadi ndogo, na wapo wa kubahatisha, wanaouzwa ndani ya kisanduku kilichofungwa bila mnunuzi kujua rangi. Jioni, katika hoteli moja ya mji huo, wageni huacha milango ya vyumba wazi. Vitandani, mezani, hata juu ya televisheni wamepangwa farasi wa kuuza, na watu wanatembea korido kwa korido mpaka usiku wa manane, wakiingia vyumba vya watu wasiowajua, wakisalimiana na kupindua farasi kusoma mihuri. Kisanduku cha kubahatisha kilichofunguliwa saa nne zilizopita tayari kina bei.

Napata wasiwasi na sehemu hiyo. Farasi akitangazwa kwa idadi ndogo, wa kwanza kufika ni mchuuzi, na mtoto mwenye akiba ya miezi mitatu anabaki na picha. Lakini uchache unawapotosha pia watu wanaodhani kwamba unaweza kupangwa. Wachache walio ghali kweli hawakutangazwa kuwa wachache.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Breyer walijaribu kuwauzia watu wazima mapambo ya sebule. Wakachukua kalibu walizokuwa nazo, pamoja na ile ya farasi jike anayekimbia na ya mtoto wake, wakazipaka rangi ambazo farasi hana: buluu tupu iliyoitwa Wedgewood, buluu ya madoa iliyoitwa Copenhagen, dhahabu ya Golden Charm na dhahabu ya madoa ya Florentine, singa na mkia vikiwa vyeupe. Watu wazima hawakununua, watoto walitaka farasi wa kweli, na baada ya muda mfupi toleo likafutwa. Wale wachache waliouzwa walibaki kwenye rafu na kabati za watu. Leo mmoja wao akipatikana akiwa mzima, masikio hayajavunjika na rangi haijakwanguka, anauzwa kwa maelfu ya dola.

Ndiyo maana siku Breyer wanapotangaza farasi wa buluu au wa dhahabu kwenye kalibu ya zamani, na wamefanya hivyo mara nyingi kwa wanachama wa klabu zao na kwa wageni wa Lexington, wenye umri wanaelewa papo hapo wanachoonyeshwa. Vijana huuliza kwa nini farasi apakwe buluu. Mtu mmoja chumbani huanza kueleza habari za mapambo ya sebule ya miaka ya 1960, na mara nyingi ana mmoja mkononi wa kuwaonyesha muhuri.