Malindi hadi Calicut: siku 26 kwenda, siku 94 kurudi

Juzi nilikuwa naandika kijiprogramu cha PHP: unachagua viwanja viwili vya ndege, nacho kinakupa umbali na muda wa safari. Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua latitudo na longitudo za kila kiwanja, unaziingiza kwenye fomula ya haversine (dunia ni mviringo, rula juu ya ramani itakudanganya), kisha unagawa kwa kasi ya ndege.

Malindi hadi Nairobi, jibu likawa kilomita 412, dakika 29. Umbali sawa, ila muda ni kichekesho. Nilikuwa nimeweka kilomita 850 kwa saa, mwendo wa jeti ikiwa juu, nikasahau kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani. Abiria wa Malindi wanajua ni saa nzima na zaidi.

Nikajaribu Malindi na Calicut kule India, siku hizi Kozhikode. Ndege ya moja kwa moja haipo, lakini programu haijui hilo: kama kilomita 4,280, saa 5 na dakika chache.

Sasa njia hii ina kumbukumbu ya zamani kidogo. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. (Ndiyo, rubani. Neno la baharini hilo, ndege zimeliazima tu.) Wengi tulifundishwa kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi sasa wanalikataa hilo, waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja kuwa mtu wa Gujarat. Vyovyote iwavyo, alijua kazi yake. Siku 23 hawakuona nchi kavu, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Jumla siku 26, wastani wa kilomita 165 kwa siku.

Kurudi je? Waliondoka kisiwa cha Anjediva, kaskazini ya Calicut, tarehe 5 Oktoba 1498. Nimepima kutoka hapo hadi Malindi: kama kilomita 4,250, karibu sawasawa na kwenda. Walifika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Siku 94! Kilomita 45 kwa siku.

Mvuvi yeyote wa Kilifi angewaambia kosa liko wapi. Aprili kusi inaanza, inakusukuma kuelekea India. Kaskazi ya kukurudisha hutulia kwenye Desemba. Oktoba ni maleleji, upepo hauna msimamo, na bahari inaweza kulala shwari siku nyingi. Mabaharia wa huku walikuwa wakiingoja kaskazi bandarini. Da Gama hakungoja.

Shajara ya mmoja wa watu wake inasema 30 walikufa katika kuvuka huko, fizi zimevimba kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na kila merikebu ikabaki na watu 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Malindi walipewa machungwa. Siku chache baadaye, kusini zaidi, waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia wa kuiendesha hawakutosha.

Nimerudi kwenye programu nikaongeza kisanduku cha mwezi wa safari.