Mtoto ni wa Nani?

Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa, iko kando ya njia kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro. Msafiri aendaye mashariki huiacha nchi tambarare ya Wagogo, na baada ya mwendo si mrefu hufika Gairo, nchi ya Wakaguru. Tangu zamani watu wa pande hizi mbili wamebadilishana nafaka na mifugo, tena wameoana. Walakini ukiwauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" ulipata majibu mawili.

Kwa Wagogo mtoto alihesabiwa katika ukoo wa baba, na ng'ombe wa mahari walikuwa ushahidi wa neno hilo. Kwa Wakaguru ukoo ulifuata mama. Baba alimpenda mwanawe na kumlisha, lakini mjomba ndiye aliyekuwa na neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Basi Mgogo akimwoa Mkaguru, hapana shaka wazee walikuwa na mengi ya kuzungumza.

Lakini hilo ni swali la wakubwa. Mtoto mchanga hajui ukoo wala mahari. Yeye ana swali lake: "Nikilia, nani atakuja?" Wazee wetu walilijibu kwa matendo. Mama alipokwenda shambani, bibi alikuwapo kayani, au dada mkubwa alimbeba mdogo wake mgongoni. Wahenga walisema, "Mkono mmoja haulei mwana." Mikono ilikuwa mingi, lakini kila siku ilikuwa ile ile.

Ukatili wa njaa iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ulikuwa hapo hasa. Majeshi ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua ikakosa. Yakadiriwa kwamba katika Ugogo watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Kaya zilitawanyika, na watoto wengine waliwekwa rehani kwa watu wenye chakula. Walipata kula, lakini mikono waliyoizoea haikuwapo tena.

Mwaka 1954 mwanamke mtaalamu wa elimu ya nafsi, Mary Ainsworth, alifika Uganda. Katika vijiji karibu na Kampala alizuru nyumba 26 zenye watoto wachanga 28, akarudi mara kwa mara kwa miezi mingi. Aliona kwamba mtoto amwaminiye mama yake hutambaa mbali bila hofu, hugeuka kumtazama, kisha humrudia. Tena aliona kwamba wengi wa watoto hao walishikamana pia na mtu mwingine wa nyumbani: baba, bibi, au ndugu mkubwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Hivyo maarifa yanayofundishwa leo Ulaya na Marekani yalipata sehemu ya mwanzo wake katika nyua za Waganda.

Sheria nazo zimepita njia hiyo. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na mtoto akahesabiwa wa upande wa baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka mbele swali jingine: lipi lamfaa mtoto mwenyewe?

Swali hilo latupasa sisi wa Kibaigwa. Soko letu la mahindi limeleta riziki, na pamoja nayo safari. Baba hufuata lori, mama hufuata biashara, na mtoto huachwa kwa jirani, kisha kwa msichana wa kazi, kisha kwa mwingine. Sisi waalimu twawaona watoto hao. Mmoja alikaa nyumba tatu kwa mwaka mmoja. Alikuwa na sare safi na daftari jipya, lakini kila jioni alituuliza, "Leo nani atakuja kunichukua?"

Hatuwalaumu wazazi, maana njaa haingoji. Lakini kabla ya kufunga safari, yafaa mzazi asiulize tu nani atamlisha mtoto. Aulize pia: ni nani atakayekuwapo leo, na kesho, na mwezi ujao, ambaye mtoto akilia atamjua kwa sauti yake?