Ngao Mkononi mwa Mwanamke

Msomaji, vita vingi vimeandikwa katika vitabu vya historia, na majina ya majemadari wake hukaririwa shuleni. Viko vita vingine visivyopigwa kwa bunduki, ambavyo askari wake hawakuvaa sare wala hawakupewa nishani. Keti nami kitambo kidogo nikusimulie habari za vita vya namna hiyo: jitihada ya kutafuta dawa ambayo mwanamke angeweza kuitumia mwenyewe, hata kwa siri, ili ajikinge na virusi vya ukimwi.

Ukimwi ulitambuliwa mwaka 1981, na virusi vyake viligunduliwa mwaka 1983. Ilijulikana mapema kwamba mpira wa kondomu huzuia maambukizo. Lakini mpira huo huvaliwa na mwanamume. Je, akikataa, mwanamke afanye nini? Wake wengi walishika uaminifu katika ndoa zao, na maradhi yakawafuata humo humo. Mwaka 1990 mtaalamu Zena Stein, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi New York, aliandika kwamba itafutwe kinga ambayo hatamu zake zimo mikononi mwa mwanamke.

Dawa ya namna hii, ipakwayo ukeni kabla ya kujamiiana, iliitwa mikrobisaidi, yaani kiua vijidudu. Mwanzoni wataalamu waliielekea dawa iliyokwisha zoeleka, nonoksinoli-9, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kuua mbegu za kiume ili kuzuia mimba. Katika chupa za maabara iliua virusi vya ukimwi pia. Jambo likaonekana jepesi. Lakini chupa si mwili.

Hapa kwetu Nairobi, wanawake 138 waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono walikubali kuijaribu. Wengine walipewa sifongo zenye dawa, wengine hawakupewa dawa hiyo, ili makundi mawili yalinganishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 hayakuonyesha kinga yoyote. Bali waliotumia sifongo walipata vidonda zaidi. Jaribio jingine, la jeli yenye dawa hiyo hiyo, likafanywa katika nchi za Benin, Kodivaa, Afrika Kusini na Thailand. Mwezi wa Julai mwaka 2000, katika mkutano mjini Durban, ukweli mchungu ulitangazwa: wanawake waliotumia jeli hiyo waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Dawa ile huvunja utando wa chembe hai bila kumpambanua rafiki na adui. Ilipotumiwa mara nyingi iliubomoa ukuta wa mwili wenyewe, na virusi vikapata mlango.

Fikiri, msomaji, uzito wa tangazo hilo. Ilikuwa rahisi kuificha aibu. Lakini kama ingefichwa, ni wanawake wangapi wangaliendelea kuinunua sumu wakidhani ni ngao?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ilijaribiwa jeli iliyotokana na mwani wa baharini, kwa wanawake zaidi ya 6,000 wa Afrika Kusini; mwaka 2008 ilionekana haidhuru wala haikingi. Ikafuata jeli ya PRO 2000, iliyojaribiwa na wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na Tanzania, wakiwamo wa Mwanza. Mwaka 2009 nayo ikashindwa.

Mwaka 2010 pakapambazuka. Quarraisha Abdool Karim na Salim Abdool Karim, pamoja na wenzao wa KwaZulu-Natal, walitangaza kwamba jeli yenye tenofovia, dawa inayozuia virusi visizaane, ilipunguza maambukizo kwa asilimia 39 miongoni mwa wanawake 889. Furaha ilikuwa kubwa, lakini majaribio mengine mawili yaliyofuata hayakuthibitisha tumaini hilo. Damu ilipopimwa ilionekana kwamba wengi hawakuwa wakiitumia jeli kama walivyoelekezwa. Si vigumu kuelewa: chombo kinachohitaji kukumbukwa kila mara, katika nyumba isiyo na faragha, ni mzigo.

Kwa hiyo pakatengenezwa pete laini yenye dawa ya dapivirini, ambayo mwanamke huiweka ukeni mwenyewe na kuibadili kila mwezi. Mwaka 2016 majaribio mawili yalionyesha kwamba ilipunguza maambukizo kwa asilimia 27 na 31. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021 iwe nyongeza ya kinga nyingine. Ngao hiyo ilikuwa na matundu. Hata hivyo ilikuwa mkononi mwa mwenyewe. Na mwaka 2024 ikatangazwa habari ya sindano ya lenakapaviri, ichomwayo mara mbili kwa mwaka: kati ya wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Msomaji, ukisikia sifa za wataalamu, uwakumbuke pia maelfu ya wanawake waliokwenda kliniki mwezi hata mwezi, wakatoa damu yao na kujibu maswali ya aibu, bila kujua kama walichopewa ni dawa au si dawa. Wengi wao hawakupata kinga waliyoitafuta. Walichotupatia ni ujuzi wa hakika, na ujuzi huo ndio ulioelekeza hatua za waliokuja baadaye. Majina yao hayamo vitabuni. Deni letu kwao limo.