Kijana wa Unguja Aliyepiga Piano

Shuleni vipaji huibuliwa, na shuleni huzimwa.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Akiwa bado mdogo, wazazi wake walimpeleka shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, nchini India. Mwaka 1958 yeye na wenzake wanne waliunda bendi, The Hectics, wakawa wanapiga nyimbo za rock za Little Richard na Cliff Richard. Mwimbaji mkuu alikuwa mwenzao. Farrokh alipiga piano. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 mpiga piano huyo akawa mwimbaji wa Queen, kwa jina la Freddie Mercury. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991.

Nilipokuwa kiranja hapa Bariadi, nilimripoti mwenzetu aliyegonga dawati kwa mdundo wa bugobogobo wakati wa prepo. Aliadhibiwa, na sikumsikia akipiga tena. Somo la usiku ule nimelisahau. Mdundo bado naukumbuka.

Viranja wa leo, lindeni utulivu wa prepo. Lakini Jumamosi waachieni wenzenu ngoma.