Kupita na Kuhamia: Maneno Mawili ya Sheria Mpakani Busia na Malaba

Lori linalobeba mzigo wa kigeni kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, chini ya ulinzi wa forodha hutakiwa kuandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: TRANSIT GOODS. Kontena hufungwa sili ya kielektroniki, na safari yake hufuatiliwa na maofisa wa mapato hadi mwisho. Kusini mwa hapo, mjini Busia, magunia ya mahindi ya Uganda huvuka yakiwa yamefungwa kwa kamba juu ya baiskeli za magurudumu matatu, nyingi zikiendeshwa kwa mikono na wachukuzi wenye ulemavu. Mpita njia huona mzigo uleule unaovuka mpaka uleule. Sheria inaona vitu viwili.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatenganisha transit na transfer. Neno la kwanza linahusu bidhaa zilizotoka nje ya Jumuiya, zikapitishwa katika nchi mwanachama moja au zaidi, kisha zikaelekea nje tena. La pili linahusu bidhaa zinazotoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine. Kwa Kiswahili, zile zinapita, hizi zinahamia.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Bidhaa inayopita haiwi ya nchi inayopitiwa. Nchi hiyo huilinda bila kuitoza ushuru wa forodha, ila hudai dhamana ili isije ikashushwa njiani na kuuzwa. Bidhaa inayohamia imekuja kuuzwa na kuliwa. Ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, inavuka bila ushuru wa forodha, mradi mwenyewe athibitishe asili yake, mithili ya gunia linalotolewa ghalani na kupelekwa jikoni katika nyumba moja. Neno la tatu, import, yaani kuingiza kutoka nje, sheria imeliwekea bidhaa za nchi zisizo wanachama.

Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku mahindi ya Mbale, Uganda, bado huitwa ya kuingizwa kutoka nje, na neno hilo huja na masharti yake. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia forodha barua ya kuzuia mahindi ya kuingizwa kutoka Uganda na Tanzania, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mipakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe kama waagizaji, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Watetezi wa hatua ile wana hoja nzito. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wamekula mahindi yaliyolimwa hukohuko. Lakini msiba huo unaonyesha pia kwamba sumu hutokana na unyevu na uhifadhi mbaya, wala haiulizi uraia wa shamba. Kipimo cha sehemu 10 kinapaswa kumfuata mkulima wa Kitui, Kenya, sawasawa na wa Mbale. Likitumika neno la kuingiza, ukaguzi wa afya unageuka kuwa ukaguzi wa mpaka, na soko la pamoja linarudi kuwa masoko mawili.

Anayeumia kwanza ni mwenye magunia mawili. Wenye malori wana mawakala wa forodha wanaojua lugha ya fomu. Mama anayevusha nafaka Busia anaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, mradi mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Akiamini kwamba kisheria yeye ni mwagizaji wa bidhaa za kigeni, hataomba cheti hicho. Atakwenda njia za panya, ambako mahindi hayapimwi kabisa.

Mkanganyiko huo hauko kwenye mahindi peke yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kwa tafsiri ya sheria, nchi mwanachama si nchi ya kigeni. Kwa hiyo kontena linalokwenda Goma, nchini humo, kupitia Malaba linahitaji kutazamwa upya, kuanzia maandishi ya ubavuni hadi dhamana inayodaiwa.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambacho marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Februari 2018, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kazi iliyobaki ni ya maneno: mabango, risiti na fomu za mazao ya Jumuiya ziseme bidhaa inahamia, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, lugha za watu ambao jamaa zao wako pande zote mbili za mpaka, na neno la kuingiza libaki kwa mahindi yanayoshuka melini Mombasa.