Rory Alipokubali Kuja Belfast

Kila mjadala wa albamu za roki zilizorekodiwa jukwaani huishia kwa majina yale yale: The Who pale Leeds, Allman Brothers pale Fillmore East, Deep Purple kule Japani. Sina neno nazo, ni moto. Lakini nikitaja Irish Tour '74 ya Rory Gallagher, wasee huniangalia kama nimetaja mjomba wangu wa kijijini. Rory nani? Sisi wachache tunaoijua tukikutana, hatuachani mapema.

Wengi huisifu kwa sababu ya gitaa, na ni haki. Walk on Hot Coals inapita dakika 10 na huchoki. Gitaa lenyewe ni Stratocaster ya 1961 aliyoinunua mitumba mjini Cork mwaka wa 1963 kwa pauni 100, rangi imebanduka karibu yote. Mimi lakini naipenda kwa sababu ya mahali ilikotoka.

Ireland Kaskazini ilikuwa inaungua. Upande mmoja walitaka Ireland iwe moja, wengi wao Wakatoliki. Upande wa pili walitaka kubaki chini ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Mwaka wa 1972 pekee waliuawa karibu watu 500. Tarehe 21 Julai mwaka huo, mabomu karibu 20 yalilipuka Belfast alasiri moja na kuua watu 9. Kuingia katikati ya mji ikawa ni kupitia vizuizi na kupekuliwa.

Sasa nani atakuja kupiga shoo hapo? Led Zeppelin walikuwa wamecheza Ulster Hall Machi 1971, na hapo ndipo Stairway to Heaven ilisikika jukwaani mara ya kwanza. Baadaye bendi nyingi kubwa zikawa zinairuka Belfast kwenye ratiba zao. Rory, kijana aliyelelewa Cork kule kusini, hakuiruka. Alirudi mwaka baada ya mwaka. Gerry McAvoy wa besi na Lou Martin wa kinanda walikuwa wazaliwa wa Belfast, kwa hivyo kwao hiyo ilikuwa nyumbani tu.

Januari 1974 wakaja na studio ya kwenye gari ya Ronnie Lane, wakarekodi Belfast, Dublin na Cork. Tony Palmer naye akaja na kamera. Ukumbini, vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti walisimama bega kwa bega, watu ambao nje wangeogopa hata kupita mtaa wa mwenzao.

Usidhani hatari ilikuwa ya kuongezewa chumvi. Tarehe 31 Julai 1975, bendi ya Miami Showband ilisimamishwa barabarani usiku ikitoka shoo ya Banbridge kurudi Dublin. Wanamuziki 3 waliuawa. Barabara kama hizo ndizo Rory na wenzake walizopita.

Albamu ya kwanza ilichanganya miji hiyo, ndio maana kwa miaka nilidhani nasikia umati mmoja. Halafu nikapata toleo la 2014 lililotenga kila mji. Nikaweka Belfast pekee, usiku, iafoni masikioni, nikiwa na kazi ya mtu niliyopaswa kuandika hadi asubuhi. Sikuandika kitu. Nilisikiliza wale watu wakipiga kelele kati ya nyimbo, nikafikiria kwamba kila mmoja wao alikuwa bado na safari ya kurudi nyumbani.

Rory alifariki London tarehe 14 Juni 1995, akiwa na miaka 47. Hakupenda kutoa singo, na pengine hiyo ndiyo sababu jina lake halikuenea kama ya wenzake. Belfast lakini hawakumsahau. Januari 2025 walizindua sanamu yake ya shaba, ameshika gitaa, karibu na mlango wa Ulster Hall.

Ukiwa na saa moja na nusu leo, anza na A Million Miles Away. Ongeza sauti.