Kope zinawasha na kukauka? Chanzo huenda kiko kwenye kucha zako

Huanza kwa kuwasha kidogo tu. Ukisugua unapata nafuu, muda mfupi baadaye zinawasha tena. Siku chache zikipita, ngozi ya kope inakauka, inatoa magamba, inavimba asubuhi na kuchonyota ikiguswa na maji.

Wengi wakifika hapo hukimbilia duka la dawa na kutoka na tyubu ya kwanza wanayopewa. Tatizo dogo linaweza kugeuka kubwa hapo hapo.

Kwa nini kope?

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini. Unene wake ni karibu nusu milimita. Kitu ambacho kiganja hakikihisi kabisa, kope hukihisi. Na mikono hugusa macho mara nyingi kwa siku bila mtu mwenyewe kujua.

Chanzo ni nini?

Aleji ya vitu vinavyogusa ngozi. Hii ndiyo sababu ya kawaida zaidi. Wa kushukiwa ni gundi ya kope za kubandika, vipodozi, sabuni na losheni zenye manukato, na hata baadhi ya dawa za matone ya macho.

Rangi ya kucha nayo imo, hasa jeli na kucha za kubandika. Vidole vinaweza kubaki salama kwa sababu ngozi yake ni nene, lakini ukijigusa usoni kope zinaumia.

Piko na rangi nyeusi za nywele mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, inayojulikana sana kwa kuleta aleji. Hina ya asili, ile inayotoa rangi ya kahawia au nyekundu, haina kemikali hiyo.

Aleji hii hutokea taratibu. Mara nyingi dalili huja siku 1 hadi 3 baada ya kutumia kitu, ndiyo maana mtu hashtuki. Pia inaweza kuanza kwa bidhaa uliyoitumia miaka mingi bila shida. Kwa hiyo "mbona naitumia siku zote" si ushahidi.

Pumu ya ngozi. Huwapata zaidi watu ambao wao au ndugu zao wana pumu ya kifua au mafua ya aleji. Mara nyingi ngozi huwasha pia kwenye mikunjo ya viwiko, magoti au shingoni.

Kuvimba kwa kingo za kope. Hapa magamba hukaa kwenye mashina ya nywele za kope, kama mba. Asubuhi macho huwa na tongotongo na chokea hurudi mara kwa mara. Wenye mba kichwani hupata zaidi.

Fanya hivi nyumbani

• Acha vipodozi vyote vya uso, wanja, kope za kubandika na rangi ya kucha kwa wiki 2 hadi 4. Hali ikitulia, rudisha kimoja kimoja, kila kimoja baada ya wiki. Kikirudisha muwasho, umempata mwizi wako.

• Osha uso kwa maji safi ya uvuguvugu. Weka pembeni sabuni yenye manukato.

• Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi kidogo tu, asubuhi na usiku.

• Zikiwasha, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Usisugue. Kata kucha fupi, maana wengi hujikuna usingizini.

• Kama magamba yako kwenye mashina ya kope, funga macho na uweke kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha futa kingo taratibu. Rudia mara mbili kwa siku. Pima joto kwanza kwenye kifundo cha mkono.

Usiguse kabisa

Krimu zenye steroidi, kama betamethasone na clobetasol, hutuliza muwasho haraka sana. Ndiyo maana watu huzipenda. Zikitumika kwa muda mrefu karibu na jicho, hufanya ngozi izidi kuwa nyembamba na zinaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji. Uwezo wa kuona uliopotea kwa presha ya macho haurudi.

Soma maandishi kwenye tyubu, kwa sababu baadhi ya krimu za "kila ugonjwa" na mkorogo huwa na steroidi ndani. Daktari anaweza kukuandikia ya nguvu ndogo kwa siku chache. Hiyo ni sawa, kwa sababu anajua kiasi, muda na hali ya macho yako.

Maziwa ya mama, maji ya limao, dawa ya meno na maji ya majani visitiwe machoni. Vinaweza kuleta maambukizi au kuunguza jicho.

Wahi hospitali kama

• Jicho lenyewe linauma, limekuwa jekundu, haliwezi kuvumilia mwanga au unaona ukungu.

• Kuna malengelenge upande mmoja wa paji la uso au kwenye kope. Inaweza kuwa mkanda wa jeshi, na ukifika jichoni ni dharura.

• Kope imevimba sana, ina joto na una homa.

• Nywele za kope zimegeukia ndani na kukwaruza jicho. Katika maeneo makavu ya wafugaji Kenya na Tanzania, hiyo inaweza kuwa dalili ya vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaopofusha.

• Wiki 2 zimepita bila nafuu.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kisha omba rufaa. KCMC mjini Moshi ina huduma za macho na za ngozi. CCBRT Dar es Salaam na Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zina madaktari wa macho. Daktari wa ngozi anaweza kubandika kemikali mbalimbali mgongoni kwa siku 2 ili kujua ipi inakudhuru.

Kabla ya kwenda, toa simu na upige picha maandishi ya nyuma ya kila kitu unachopaka usoni, kichwani na kwenye kucha. Daktari akiona orodha hiyo atajua haraka pa kuanzia.